Mlenda wa Mke Mwenzangu

Bibi yangu alipoanza kuvimba, watu walimpongeza.

Nasema kweli. Najua darasani nikisema "nasema kweli" wenzangu wanaanza kucheka kabla sijamaliza, lakini hii ilikuwa hivyo. Ilikuwa ule mwaka maduka ya njia panda ya Mkiwa yalipojaa vitu mpaka vikamwagika nje: sabuni za kila rangi, baiskeli mpya, marobota ya mitumba yanafunguliwa pembeni ya barabara na watu wanapigana vikumbo. Bibi naye alikuwa ameacha kupeleka alizeti yake kwa chama cha ushirika. Aliuza kwa mtu mmoja aliyeleta mashine yake mwenyewe ya kukamua mafuta. Kwa hiyo miguu yake ilipojaa, uso ukajaa, na tumbo likatangulia mbele ya kanga, kila aliyepita uani alikuwa na maelezo.

"Mama, soko huria limekukubali!"

"Wengine tunakonda, mwenzetu unanawiri. Tuambie siri."

Siku hizo za ukimwi, kukonda ndiko kulikuwa na mambo. Mtu akikonda, majirani walishusha sauti na kuacha kuazima vikombe vyake. Akinenepa, walipandisha sauti na kuomba mafuta ya kupikia. Mimi, badala ya kujiuliza ni binadamu gani ananenepa kuanzia vifundoni kwenda juu, nikatunga utani.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "kumbe unakula nyama nikishalala. Mume wetu akirudi atanikuta mimi mifupa, wewe gunia. Atajua nani alipendelewa."

Babu alikufa kabla sijazaliwa. Lakini kwetu mjukuu wa kike na bibi yake ni wake wenza. Wanagombea mume mmoja, hata kama mume mwenyewe yuko kaburini nyuma ya zizi. Kila asubuhi nilimpa bibi shikamoo yake, maana shikamoo haina mzaha, akaitikia marahaba, halafu ndipo vita inaanza. Nani ameunguza ugali. Nani ana miguu ya bata. Nani alimwibia mwenzake mume. Kicheko chake kilianza kimya kimya, mabega yanatetemeka, halafu kinamtoka kwa mkupuo, kuku wanakimbia.

Siku ile ya utani wa gunia alicheka kama kawaida. Kisha akakohoa. Akakohoa mpaka akashika nguzo ya mlango, na midomo yake ikawa na rangi ya zambarau zilizoiva. Nikasimama na mwiko mkononi. Alipopata pumzi akasema, "Utaniua, mke mwenzangu," nasi tukacheka tena, kwa sababu hatukujua.

Nyumba yetu ni ya watu wawili. Mama yangu yuko Shelui, anawapikia madereva wa malori, na hutuma sukari kwa dereva yeyote anayeelekea huku. Baba ni habari nyingine, na si ndefu. Kwa hiyo mambo yaliyofuata niliyaona peke yangu. Bibi, ambaye alikuwa akibeba ndoo huku akipiga soga, sasa alisimama mara tatu kati ya kisima na nyumba. Kila aliposimama alijifanya anaangalia kitu: mara mbuzi wa jirani, mara wingu. Wingu lenyewe halikuwepo. Wakati wa kulala hakuweza kulala chali tena. Aliegemea gunia la alizeti ukutani, ameketi kama abiria. Nikamnunulia dawa dukani, maana siku hizo hata muuza misumari aliuza dawa. Nikapewa ya kikohozi. Haikusaidia. Nikapewa ya minyoo. Minyoo sina hakika, lakini kikohozi kilibaki.

Kilichotushtua ni salamu. Wazee wa kwetu wakisalimiana, salamu ni safari: unaulizwa habari za nyumba, za watoto, za ng'ombe, za shamba, za mvua, na kila moja unaijibu kwa kuvuta sauti. Siku moja rafiki yake wa tangu usichana alipita, wakaanza. Bibi alifika kwenye ng'ombe, akakwama. Mdomo uko wazi, sauti haitoki. Yule bibi mwingine akasubiri kwa heshima. Kisha akanigeukia mimi na kusema, "Huyu ni mgonjwa." Ndiye wa kwanza kulisema neno hilo.

Mama akaja na lori la vitunguu, tukampeleka hospitali ya mjini Singida.

Daktari alikuwa kijana mrefu, mtu wa mikoa ya kaskazini, Kiswahili chake kinakwenda mbio kuliko chetu. Alimsikiliza bibi mgongoni kwa muda mrefu, akaangalia mishipa ya shingo, kisha akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, mbele kwenye mfupa. Alipoachia, shimo likabaki. Likabaki pale, kama mtu aliyetia kidole kwenye ugali wa moto.

"Watu wanasema amenenepa," mama akasema.

"Hayo ni maji, mama. Moyo wake umechoka."

Mama akashika mdomo. Alidhani moyo umesimama. Daktari akavuta kigoda, akaketi, jambo ambalo sikuwahi kuona daktari akilifanya.

"Haujasimama. Unapiga. Lakini presha ya miaka mingi imeufanyisha kazi nzito mno, umetanuka, umelegea. Kila ukipiga, unasukuma damu kidogo kuliko inayotakiwa. Sasa damu inayorudi inakuta foleni. Foleni ikizidi, maji yanavuja nje ya mishipa. Mengine yanashuka miguuni, mengine yanaingia kwenye mapafu. Ndiyo maana akilala chali anaona kama anazama."

"Kama lastiki ya sketi ya mtumba," nikasema. Ilinitoka tu. Mama akanifinya.

Daktari akacheka. "Acha, mama, yuko sahihi. Lastiki iliyovutwa miaka mingi."

"Inakazwa?" nikauliza.

"Ya sketi utabadilisha. Hii tutaipunguzia mzigo." Akahesabu vya kupunguza: atakunywa kidonge cha kutoa maji, atakojoa sana, asiogope. Atakunywa kidonge cha kuusaidia moyo. Maji ya kunywa yatapimwa kwa kikombe. Na chumvi basi, asiiguse tena. "Chumvi inashika maji mwilini. Ukimpa chumvi, ni sawa na mimi nachota maji na wewe unamwaga ndani. Maji yakirudi kwenye mapafu akiwa kule kijijini, huenda tusimuwahi. Umenielewa, binti?"

Nilimwelewa. Nilimwelewa kuliko nilivyowahi kumwelewa mwalimu yeyote.

Siku ya tatu wodini bibi alianza kupungua. Nikafurahi, nikamwambia kwamba kwa mkojo ule tungeweza kuanzisha kilimo cha umwagiliaji. Akacheka. Kikohozi kikamkamata, akashika chuma cha kitanda, nesi akaja mbio na viatu vyake vinapiga sakafu.

"Wewe ndiye unayemchekesha?"

"Ndiyo, shikamoo."

"Marahaba. Huoni anavyohangaika? Mtu wa moyo anaachwa apumzike. Mambo yako ya kuchekesha peleka shuleni."

Nikayapeleka shuleni. Nyumbani tulirudi na vidonge, na sharti la chumvi, na sharti langu mimi, ambalo daktari hakuliandika. Mama alikaa siku nne akarudi Shelui, kwa sababu kwenye biashara ile ukiondoka wiki mbili unakuta mwenzako amehamishia mafiga yake mahali pako. Kopo la chumvi nililigawa kwa jirani, pamoja na kijiko chake.

Sijawahi kukaa kimya namna ile. Asubuhi shikamoo, marahaba, basi. Bibi ananiangalia, anasubiri vita. Mimi nafagia. Nikimpa vidonge nasema, "Bibi, dawa." Bibi! Hata yeye alishtuka. Siku ya kwanza alidhani nimekasirika, siku ya pili akadhani naumwa, ya tatu akaacha kusubiri. Nilikuwa na vichekesho vimenijaa mpaka kooni na hakuna pa kuvimwaga. Vingine niliwapa kuku. Kuku wana ubaya mmoja: wanakutazama kwa jicho moja kisha wanaondoka.

Shuleni nilikuwa yuleyule. Niliiga mwendo wa makamu mkuu wa shule, darasa likalia kwa kucheka. Kisha natembea kilomita zangu kurudi nyumbani, na kadiri ninavyokaribia, ndivyo ninavyojifunga mdomo, kama mtu anayefunga vifungo vya shati.

Kila asubuhi nilimbonyeza mguu kwa kidole gumba, nikahesabu mpaka shimo lijae. Mwanzo lilijaa haraka. Nikaona tunashinda.

Chakula ndicho kilikuwa adhabu. Bibi alikula ugali wa uwele na mboga isiyo na chumvi kwa uso wa mtu anayesikiliza hotuba. Kitu kimoja tu kilichompendeza kilikuwa mlenda, maana mlenda wetu haudai chumvi. Unachemsha maji, unatia magadi, yale mawe yanayookotwa mbugani, unatia unga wa majani makavu, unakoroga unavutika. Basi mlenda ukawa mchana na jioni.

"Ongeza magadi kidogo," bibi alisema kutoka kitandani. "Kinywa kimepooza."

Nikaongeza. Kesho yake nikaongeza tena bila kuambiwa, kumfurahisha. Mimi niliyeshindwa kumchekesha, angalau niliweza kumpikia.

Wiki ya tano shimo likaanza kuchelewa kujaa. Vidonge nilimpa kwa mkono wangu, nikamfungulisha mdomo kuona kama amemeza. Maji nilipima. Hata hivyo vifundo vikapotea tena ndani ya nyama, uso ukajaa, bibi akaongeza gunia la pili la kuegemea. Na wapita njia wakaanza tena: "Sasa naona umepona, mama, umenawiri!"

Nikatuma ujumbe kwa dereva. Mama akafika kesho yake, amefunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana. Hakunisalimia.

"Unampa chumvi."

"Simpi, mama."

"Nakujua. Kwako wewe kila kitu mchezo. Bibi akilia kidogo unamwonea huruma, unamtilia. Sema kweli!"

"Nasema kweli."

Unaona sasa hasara ya neno hilo. Mama aliingia jikoni, akapindua kila chungu, akanusa kila kopo. Akachukua kibuyu cha magadi, akakitikisa karibu na sikio, akakirudisha mahali pake. Chumvi hakuna. Hakusema samahani. Akasema tu, "Nitajua," kisha akaenda kuketi na bibi, wakaongea Kinyaturu kwa sauti ya chini. Asubuhi aliwahi lori. Aliniachia agizo: siku ya kliniki ni baada ya siku nane, nimpeleke hata kwa kubebwa, na kabla ya hapo Mungu asaidie.

Nilikaa jikoni. Nilitamani hata nesi yule aje anigombeze, nisikie viatu.

Siku mbili baadaye tulikuwa na kipindi cha kemia. Mwalimu alikuwa ametuambia kila mtu alete kitu kimoja cha jikoni. Wengine walileta majivu, limau, sabuni, chumvi. Mimi nilichomoa donge la magadi kwenye kibuyu, kwa sababu lilikuwa karibu na mlango nami nilikuwa nimechelewa. Mwalimu akawasha jiko dogo la spiriti, moto wake wa buluu hauonekani vizuri mchana. Akachovya waya kwenye chumvi iliyolowa, akautia motoni. Moto ukawaka njano. Njano kali, kama ua la alizeti.

"Hiyo ni sodiamu," akasema. "Ndiyo iliyo ndani ya chumvi. Haya, nani ana kingine?"

Akaokota donge langu. Akasafisha waya, akauchovya, akautia motoni.

Njano ileile.

"Mnaona? Chumvi na magadi ni vitu viwili, ladha mbalimbali, kazi mbalimbali. Lakini ndani yupo mgeni yuleyule. Sodiamu."

Nikanyoosha mkono. Darasa likageuka, wengine wameshaanza kutabasamu.

"Mwalimu, mtu aliyekatazwa chumvi hospitali... akila magadi?"

Wakacheka. Sijui walicheka nini, nadhani walicheka sura yangu. Mwalimu aliwanyamazisha kwa kiganja.

"Amekatazwa kwa sababu gani?"

"Moyo. Anavimba."

"Basi hajaacha kitu," akasema polepole. "Ni nani?"

Nikachukua mkoba nikatoka. Hakuniita.

Nilitembea njia ile nikipiga hesabu ya vijiko. Mchana na jioni. Wiki tano. Ongeza kidogo. Nilikuwa nimesimama juu ya sufuria kila siku kwa upendo wote nilionao, nikimwaga maji ndani ya bibi yangu.

Nilimkuta ameegemea magunia yake. Nikamwambia yote kwa mkupuo: waya, moto, rangi.

Mabega yake yakaanza kutetemeka.

"Leo... umenipata... mke mwenzangu," akasema, akikata maneno kwa pumzi. "Magadi! Magadi ni udongo. Mama yangu alikula. Bibi yangu..."

"Bibi, si utani."

"Rudia ile ya moto."

Hapo ndipo nililia. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya udongo nikalia mpaka kamasi. Bibi aliacha kucheka. Hakuwahi kuniona nikilia tangu nilipoachwa pale na mama nikiwa na sanduku la bati. Akaweka mkono wake uliovimba juu ya kichwa changu, mzito.

"Kitupe kibuyu," akasema.

Mlenda bila magadi ni kitu kigumu. Majani hayalainiki, rangi inakuwa kama ya maji ya kufulia. Niliuchemsha mpaka kuni zikanikera, nikatia karanga za kusaga na ukwaju. Bibi alionja, akatafuna, akatafuna tena.

"Hii ni nini?"

"Mlenda."

"Mlenda umelala wapi? Hili ni paa la nyumba umepika."

Nilitaka kujibu. Nilikuwa na jibu zuri sana. Nikalimeza na tonge.

Siku ya kliniki tulibebwa na gari la mwenye mashine ya mafuta. Nikamweleza daktari. Alinirudisha mwanzo mara mbili.

"Mnatia magadi kwenye mboga? Kila siku?"

"Huku kwetu ndivyo mlenda unavyopikwa, daktari."

Akaweka kalamu chini. "Mimi kwetu magadi tunalainishia maharage, tena mara moja moja. Sikuuliza. Nilipaswa kuuliza." Kisha akachukua kadi ya bibi, na chini ya mstari uliosema asitumie chumvi akaandika kwa herufi kubwa: NA MAGADI. Akaongeza kipimo cha kidonge cha kutoa maji. Nikamuuliza kama sasa atapona kabisa. Akasema moyo uliolegea haurudi kuwa wa kisichana, lakini mzigo ukipungua unaweza kwenda naye mbali. Mbali kiasi gani hakusema, nami sikumbana.

Mama nilimtumia ujumbe kwa dereva: haikuwa chumvi, ilikuwa kibuyu. Jibu lilikuja na sukari, kilo mbili badala ya moja. Hakuna maneno. Mama yangu anaomba samahani kwa sukari.

Maji yakaondoka. Shimo likawa linajaa kabla sijasema mbili. Vifundo vikarudi, vyembamba, na mashavu yakaingia ndani, na kanga ikamzunguka bibi mara mbili. Kumbe chini ya yale maji yote alikuwa amebaki mtu mdogo hivyo. Alilala kwa gunia moja. Siku moja rafiki yake wa usichana alipita, wakaanza salamu: nyumba, watoto, ng'ombe, shamba, mvua. Nilisimama nyuma ya mlango nikiwasindikiza kwa midomo. Bibi alifika kwenye mvua bila kusimama.

Lakini wengine waliacha kuja. Mwanzo sikuelewa. Kisha nikaona mama mmoja akipita uani, akamtazama bibi, akashusha sauti: "Pole, mama. Umekonda." Hakukaa. Kikombe cha maji nilichomletea hakukigusa. Aliyefuata alisalimia akiwa njiani, wala hakuingia. Uwanja wetu ukawa wa kuku tu.

Jioni moja, jua halijazama, tulikuwa tumeketi mlangoni, yeye kwenye kigoda, mimi chini nachambua majani. Njia ipitayo uani ilikuwa tupu. Bibi akasema, bila kunitazama:

"Umeninyima muda mrefu."

"Nesi alikataza."

"Nesi si mke mwenzako. Nipe kimoja. Kidogo."

Vile vyote nilivyokuwa nimevihifadhi, nilivyowapa kuku, vikanikimbia. Nikatazama njia ile isiyo na mtu.

"Mke mwenzangu," nikasema, "ulipokuwa unakufa walikupongeza. Sasa umepona, wanakupa pole. Ukitaka wageni, itabidi nirudishe kibuyu."

Mabega yakaanza. Nikaacha majani. Kicheko kikatoka, kidogo kuliko cha zamani, chembamba, lakini kikatoka kizima, na kuku mmoja akainua kichwa. Kisha nikasubiri kikohozi. Kikaja. Kikapiga mara moja, mara ya pili, kikapita.

"Kesho kingine," bibi akasema akijifuta macho. "Kimoja tu."